Tunutu wa Mawe si Nzi: Ufungaji wa Chambo Bandia na Uvuvi wa Trauti

Utangulizi

Msamiati wa ufundi unapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, mara nyingi anayehamishwa ni jina tu, na kile kinachoitwa kwa jina hilo huachwa nyuma. Makala haya yanachunguza ufundi mmoja mdogo ambao wapenzi wa Kiswahili hawajaushughulikia sana: ufungaji wa chambo bandia kinachomwigiza mdudu wa majini aishiye chini ya mawe, na namna chambo hicho kinavyotumiwa kumvua trauti. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linahusu nini taaluma ya Kiswahili. Jibu ni kwamba chambo bandia ni aina ya ufafanuzi. Fundi huamua ni sifa zipi za mdudu zinazomfanya atambulike na samaki, akazionyesha kwa sufu na manyoya, kisha akayaacha yaliyobaki. Mwanaisimu anayetafuta istilahi hufanya kazi hiyo hiyo kwa maneno, na akikosea sifa, hata istilahi yake hukosea.

Trauti ni samaki wa maji baridi yaendayo kasi. Si wa asili katika mito ya Afrika Mashariki. Trauti wa kahawia aliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905, na trauti wa upinde wa mvua akaletwa kutoka Afrika Kusini miaka michache baadaye. Wote wawili walizoea mito itokayo Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na kule Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha. Hata hivyo, ufundi unaozungumziwa hapa ulikomazwa mbali na Nyeri, katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, hususan Montana, ambako mito kama Madison, Yellowstone na Big Hole ina wadudu hawa kwa wingi na kwa ukubwa usio wa kawaida. Kwa hiyo ni sharti kuanzia huko, ndipo mjadala urejee nyumbani.

Mdudu mwenyewe

Wataalamu wa wadudu wameliita kundi lake Plecoptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mbawa zilizosukwa. Mdudu mzima hukunja mbawa zake juu ya mgongo zikalala bapa. Sehemu kubwa ya maisha yake, hata hivyo, hupita kabla ya mbawa hizo kuota. Mathalani, Pteronarcys californica, aliye mkubwa kuliko wenzake wengi katika mito ya Montana, hukaa majini miaka 3 hadi 4, akila majani yaliyooza na mabaki mengine ya mimea, hadi afikie urefu wa takriban sentimita 5. Baadaye huishi nchi kavu kwa siku chache tu, azae, afe.

Umbo lake akiwa majini halina fumbo. Ana kichwa, kifua na tumbo lenye pingili. Ana vipapasio viwili mbele na mikia miwili nyuma; hiyo mikia miwili ndiyo alama ya haraka ya kumtenganisha na jamaa yake wa majini ambaye kwa kawaida huwa na mitatu. Kila mguu huishia kwa kucha mbili, kwani kazi yake kubwa ni kung'ang'ania jiwe. Juu ya kifua kuna jozi mbili za vifuko ambamo mbawa zinaumbika. Chini ya kifua, penye mashina ya miguu, kuna matamvua ya kupumulia.

Matamvua hayo ndiyo yanayoamua makao yake. Hayawezi kufanya kazi vyema ila katika maji baridi, safi, yenye oksijeni nyingi. Maji yakipoa mwendo na oksijeni ikapungua, mdudu huyu huinua na kushusha mwili wake kama askari katika mazoezi, ili maji yapite kwa kasi zaidi penye matamvua. Maji yakichafuka au mchanga ukiziba nafasi zilizo kati ya mawe, hutoweka kabla ya wengine.

Jambo la mwisho kuhusu maisha yake ndilo lenye uzito mkubwa kwa mvuvi. Mdudu huyu si mwogeleaji. Hutambaa. Hata wakati wa kutoka majini unapowadia, baina ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai kutegemea mto, hatoki kwa kuogelea hadi juu kama wafanyavyo wadudu wengine. Hutambaa chini chini hadi ukingoni, akapanda jiwe au shina la mti, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka akiwa na mbawa. Magamba matupu hubaki yameng'ang'ania mawe kwa kucha zake zile zile. Na mkondo ukimng'oa kutoka jiweni kabla ya siku hiyo, hana la kufanya ila kubebwa hadi apate pa kushika tena. Muda huo wa kubebwa ndio trauti anaousubiri.

Jina na kosa lake

Kiingereza humwita mdudu huyu nzi wa mawe, na chambo chochote kilichofungwa kwa manyoya nacho kikaitwa nzi. Atakayetafsiri neno kwa neno atajikuta anaandika juu ya "uvuvi wa nzi", na msomaji wa Mombasa au Kisumu atadhani samaki hao huvuliwa chooni. Hilo ni la kuchekesha tu. Lipo kosa zito zaidi.

Huko Afrika Kusini ulibuniwa utaratibu uitwao miniSASS, unaowawezesha wanafunzi na wanavijiji kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo waishio humo. Makundi 13 ya viumbe hupewa alama. Mdudu wa mawe hupewa alama 17, ambazo ni za juu kuliko za kundi jingine lolote. Nzi wa kweli, yaani jamii ya nzi na mbu ambao mabuu na viluwiluwi vyao huvumilia uchafu, hupewa alama 2, sawa na minyoo na ruba. Basi mwanafunzi atakayeandika ripoti kwa Kiswahili kuhusu mto wa kwao, akasema kwamba nzi wa mawe wamejaa humo, atakuwa amewaeleza wenyeji kinyume kabisa cha alichokiona. Wao watasikia uvundo, ilhali mto ni safi. Istilahi mbovu hapa si kasoro ya mtindo. Inaweza kuwafanya watu wayahofu maji mema au, kwa mkanganyiko huo huo, wayaamini mabaya.

Kiswahili hakikukosa neno. Tunutu ni nzige mchanga ambaye hajaota mbawa. Tunutu hufanana na mzazi wake katika kila kitu isipokuwa mbawa na ukubwa, na hukua kwa kujivua ngozi mara kwa mara bila kulala katika kifuko kama alalavyo buu. Mdudu wa mawe hukua kwa njia iyo hiyo. Neno buu humhusu nzi, kiluwiluwi humhusu mbu, na wote hao hubadilika umbo lote kabla ya kuruka. Kwa hiyo mkulima aliyemtofautisha tunutu na buu alikwisha kuweka mpaka ambao mwanabiolojia angeuweka. Yawezekana kupinga kwamba tunutu ni wa nchi kavu na husafiri kwa makundi. Pingamizi hilo ni la haki, ila sifa "wa mawe" inatosha kuliondoa, na katika makala haya anaitwa tunutu wa mawe.

Ufungaji

Mitindo ya kumwigiza tunutu huyu ni mingi. Unaofaa kufundishia ni ule wa Charles Brooks, mwandishi na mvuvi aliyeishi West Yellowstone, Montana, na ambaye kitabu chake kuhusu uvuvi wa matunutu kilitoka mwaka 1976. Brooks hakuridhika kuutazama mto kutoka ukingoni. Alizamia humo na kuangalia namna vyambo vyake vinavyokwenda chini ya maji.

Ndoana ndefu, ya namba 4 au 6, hubanwa kwenye jiliwa dogo. Mgeni na akumbuke kwamba katika hesabu ya ndoana namba ikipungua ndoana huwa kubwa zaidi. Ndoana ya namba 4 humshinda ukubwa ndugu yake wa namba 10. Sehemu iliyonyooka huzungushiwa waya mzito, kwa kawaida wa risasi, hasa mahali patakapokuwa kifua. Uzito huo ni sawa na chubwi la mvuvi wa pwani, isipokuwa umefichwa ndani ya chambo chenyewe badala ya kuning'inia kwenye mshipi. Juu ya waya hupitishwa uzi mweusi uliopakwa nta, ukakazwa ili waya usizunguke.

Mikia hufungwa kwanza. Nyuzi mbili za unyoya mgumu wa bawa la kunguru huwekwa nyuma, moja kila upande, zikatengana kama panda. Ni mbili, wala si tatu. Kisha hufungwa kipande cha waya mwembamba wa shaba na kipande cha uzi wa sufu nyeusi, vikaachwa vikining'inia. Sufu huzungushwa kuelekea mbele kutengeneza tumbo, likinenepa kidogo kidogo hadi kifuani. Waya wa shaba huifuata kwa mizunguko iliyoachana, ukaminya sufu na kuigawa. Anayejua neno pingili hahitaji kuelezwa mizunguko hiyo ni ya nini wala iachane kiasi gani: ni kama kwenye muwa.

Kifua ndicho kinachotenganisha fundi na mkurupukaji. Hapo huhitajika manyoya mawili marefu ya jogoo mwenye madoadoa meupe na meusi, moja la rangi yake ya asili na la pili limetiwa rangi ya kahawia iliyokolea. Nyuzi za upande mmoja wa kila unyoya hunyofolewa ili miguu isisongamane. Pamoja nayo hufungwa unyoya mmoja laini wa mbuni, wa kijivu au mweupe. Manyoya ya jogoo huzungushwa mara chache kwenye kifua, yakiwa na nafasi baina ya mizunguko, na lile la mbuni hufuata katika mashina yake. Nyuzi za jogoo ni miguu. Zile laini za mbuni, zinazopepea kwa mguso mdogo wa maji, ni matamvua.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Tamvua katika Kiswahili ni kile kinachomwezesha samaki kupumua, na pia ni ule ushi ulioachwa ukining'inia kwenye pindo la nguo. Lugha imeviweka pamoja kwa sababu ya umbo na mwendo: vyote viwili ni nyuzi laini zilizoshikwa upande mmoja na kuachiliwa upande wa pili. Fundi mwenye neno hilo kinywani amekwisha kupewa agizo la kazi. Atatafuta kitu chenye nyuzi zilizolegea, naye hatatumia sufu iliyobanwa. Maelezo marefu ya vitabu vya kigeni kuhusu sehemu hii yangeweza kupunguzwa hadi sentensi moja: kifua kitiwe tamvua.

Baada ya hapo sufu hupitishwa tena kufikia karibu na tundu la ndoana ili kuumba kichwa, uzi hufungwa fundo, ukakatwa, na tone la gundi likapakwa.

Mabishano ya mafundi

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba chambo cha Brooks hakina mgongo wala tumbo. Kimefungwa mviringo, kikitazamwa kutoka juu, chini au ubavuni ni kile kile. Vifuko vya mbawa havimo. Hakuvisahau. Alipozamia aliona kwamba chambo chenye mgongo mweusi na tumbo jeupe hupinduliwapinduliwa na mikondo, kikaonyesha sasa weusi, sasa weupe, jambo ambalo tunutu hai hafanyi. Samaki walikitilia shaka. Kwa hiyo akaacha ukweli wa umbo ili apate ukweli wa mwendo.

Randall Kaufmann wa Oregon alishika njia nyingine. Katika mtindo unaoitwa kwa jina lake, vifuko vya mbawa vimekatwa kimoja kimoja na kupangwa juu ya kifua, vipapasio vipo, mikia ipo, na kikiwekwa kiganjani mtu anaweza kushtuka. Kabla yao, mafundi wa Montana waliwahi kusuka. Franz Pott wa Missoula alikuwa mtengenezaji wa nywele bandia, akahamishia ususi wa nywele kwenye ndoana. George Grant wa Butte akaendeleza usukaji huo na kupata hataza ya njia yake mwaka 1939. Na kuna mtindo wa siku hizi ulio rahisi kuliko yote: uzi mnene wenye manyoyamanyoya umezungushwa kwenye ndoana, na vipande vya mpira vimeachwa vikichezacheza kama miguu. Basi. Mtindo huo mwepesi, unaojulikana kwa jina la Pat, hutumiwa sana magharibi mwa Marekani leo, na wanaoutumia hawaulalamikii.

Tofauti hizi si za ladha tu. Aliyefunga vifuko vya mbawa amemwandikia mnunuzi dukani. Aliyefunga mpira unaochezacheza amemwandikia trauti, ambaye katika maji ya kasi hana hata sekunde mbili za kusoma. Brooks yuko katikati, na pengine ndiyo maana hufaa zaidi darasani: kila alichokiweka kina sababu, na kila alichokiacha kina sababu vilevile.

Kuvua

Kwa kuwa tunutu huyu huchukua miaka 3 au 4 kukua, mto huwa na matunutu wa umri mbalimbali wakati wowote. Hii ndiyo sababu trauti hukikubali chambo hiki hata majira ambayo hakuna mdudu anayeruka. Wakati wa kuhamia ukingoni unapokaribia, mvuvi huacha kina kirefu na kuvua pembeni, pengine hatua moja tu kutoka anaposimama. Wageni wengi hukosea hapo: huingia majini hadi magotini na kukanyaga mahali samaki walipokuwa.

Sehemu ya kuvuliwa ni ile ambayo maji hupita kwa kasi juu ya mawe makubwa. Chambo hurushwa kuelekea juu ya mto, kikapewa muda wa kuzama. Ufito huinuliwa kadiri chambo kinavyokaribia, ili mshipi usilale majini na kukikokota, kisha hushushwa polepole kinapopita na kwenda chini. Shabaha ni kwamba chambo kiende kwa mwendo wa maji ya chini, ambao ni wa polepole kuliko wa maji ya juu. Mshipi ukikivuta, mara moja kitaonekana kinaogelea, na imekwisha kusemwa kwamba tunutu wa mawe haogelei. Chambo kisichogusa jiwe mara kwa mara hakijafika, na asiyekubali kupoteza chambo kimojakimoja katika nyufa za mawe afadhali avue mahali pengine.

Mdomo wa trauti hausikiki kama mtu anavyotarajia. Mshipi husita tu, kana kwamba umegusa jani. Wengine hutumia kiboya kidogo cha rangi kali ili kuona kusita huko. Wengine hutegemea mkono. Kwa vyovyote, ufito huinuliwa papo hapo, kwa kuwa samaki akishatambua kwamba alichokiuma ni sufu hukitema upesi.

Sheria za mahali nazo hazipuuzwi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone uzito wa risasi hauruhusiwi katika zana za kuvulia, na ndoana ni lazima iwe haina kile kijino kinachozuia samaki asichomoke. Fundi anayefungia huko hutumia waya usio na sumu au shanga za tungsteni, na huminya kijino kwa koleo kabla hata ya kuanza kufunga, maana ndoana ikivunjika katika kuminywa ni heri ivunjike ikiwa tupu.

Mito ya Kenya

Atakayechukua chambo cheusi cha sentimita 5 kutoka Montana na kukitumbukiza katika mto wa Aberdare atakuwa amefanya kwa manyoya kosa lile lile la anayetafsiri neno kwa neno. Pteronarcys hayuko huku. Matunutu wa mawe wanaopatikana katika mito ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ni wa jenasi ya Neoperla, familia ya Perlidae. Ni wadogo zaidi, wana rangi ya manjano na kahawia yenye mabaka, na badala ya kula majani huwinda wadudu wengine. Matamvua yao chini ya kifua ni vishada vinavyoonekana wazi kwa macho.

Kwa hiyo mtindo wa Brooks hubaki, ila kila kipimo hubadilika. Ndoana iwe ya namba 10 au 12. Sufu nyeusi iachwe, na mahali pake itumike ya rangi ya majani ya chai yaliyotiwa maziwa. Uzito upunguzwe, kwa kuwa vijito vyetu ni vyembamba na ndoana nzito hunasa kila hatua. Miguu iwe ya unyoya wa jogoo wa kawaida wa kahawia, ambao hauhitaji kuagizwa kutoka popote. Tamvua lisiachwe.

Kabla ya kufunga, kielelezo chenyewe kitafutwe mtoni. Jiwe lenye ukubwa wa sufuria, lililo mahali maji yaendapo kasi, huinuliwa taratibu huku kitambaa cheupe au chujio likishikiliwa upande wa chini wa mkondo. Watakaokuwapo watatawanyika. Atafutwe yule bapa, anayetambaa kwa kukazana na kujibanza kwenye kivuli, mwenye mikia miwili. Awekwe ndani ya sahani nyeupe yenye maji, atazamwe rangi ya mgongo na ya tumbo, ahesabiwe pingili, apimwe kwa kijiti, arudishwe majini. Jiwe nalo hurudishwa upande ule ule lililolalia, kwa kuwa upande wa chini wa jiwe ukielekezwa juu, waliosalia wameng'ang'ania hapo watabaki wazi mbele ya trauti.